Maumbo ya Nebula za Kisayari: Maswali na Majibu ya Marudio

Madondoo haya ni ya mwanafunzi wa fizikia au astronomia anayejiandaa na mtihani. Mada yenyewe imejaa picha za kuvutia, na mtego uko hapo hapo. Mtahiniwa anayekariri picha huishia kueleza rangi na sura, ilhali swali limeuliza sababu. Kwa kila umbo, jiulize mambo matatu: gesi ilitokaje kwenye nyota? Baada ya kutoka, ilisukumwa na nini? Na sisi tunaitazama kutoka upande gani? Anayeyashika haya matatu anaweza kujibu swali hata la nebula ambayo hajawahi kuiona.

SEHEMU A: MISINGI

Swali la 1. Nebula ya kisayari ni nini? (Alama 2)

Jibu: Ni wingu la gesi na vumbi linalong'aa, lililotolewa na nyota ya masi ndogo au ya wastani inapokaribia mwisho wa uhai wake. Katikati ya wingu hubaki kiini cha nyota hiyo, kidogo na chenye joto kali, na mionzi yake ndiyo inayoliwasha wingu.

Swali la 2. Kwa nini zinaitwa "za kisayari" ilhali si sayari? (Alama 3)

Jibu: Jina limetokana na jinsi zilivyoonekana kwenye darubini za karne ya 18. Mwaka 1779 Mfaransa Antoine Darquier aliiona nebula ya kundinyota la Lyra, ile inayoitwa leo Nebula ya Pete au M57, akasema inafanana na sayari inayofifia. William Herschel, aliyegundua sayari ya Uranus mwaka 1781, aliona visahani vingine vidogo vya aina hiyo na katika miaka ya 1780 akaviita nebula za kisayari. Jina limebaki hadi leo, ingawa vitu hivi havina uhusiano wowote na kuzaliwa kwa sayari.

Swali la 3. Eleza hatua zinazoifikisha nyota kwenye nebula ya kisayari. (Alama 6)

Jibu:

1. Nyota yenye masi kati ya takriban 1 na 8 za Jua huunguza hidrojeni kwenye kiini chake na kuigeuza heli. Hatua hii ndiyo ndefu kuliko zote.
2. Hidrojeni ya kiini ikiisha, kiini hujikaza na tabaka za nje hupanuka. Nyota inakuwa jitu jekundu. Baadaye heli nayo huungua na kuacha kaboni na oksijeni.
3. Jitu hilo hupanuka mara ya pili, huanza kupwita, na vumbi huganda kwenye tabaka zake za juu. Mwanga wa nyota hulisukuma vumbi, nalo huiburuta gesi. Huu ndio upepo wa polepole, wenye kasi ya kilomita 10 hadi 20 kwa sekunde. Mwishoni upepo huo huweza kuondoa hadi sehemu moja ya elfu kumi ya masi ya Jua kila mwaka.
4. Kiini hubaki wazi na jotoridi la uso wake hupanda. Likifika kelvini 30,000 hivi, mionzi yake ya urujuanimno huanza kuiwasha gesi iliyotangulia. Nebula imezaliwa.
5. Gesi huendelea kutawanyika na baada ya makumi ya maelfu ya miaka haionekani tena. Kiini hubaki kuwa kibete cheupe: ukubwa wake kama wa Dunia, masi yake kwa kawaida kama 0.6 ya Jua.

Angalizo: nyota zinazozidi masi 8 za Jua huishia kwenye mlipuko wa supanova. Ukiichanganya supanova na nebula ya kisayari, jibu lote linaharibika.

Swali la 4. Nebula inang'aa kwa njia gani, na rangi zake zinatoka wapi? (Alama 5)

Jibu: Fotoni ya urujuanimno yenye nishati inayozidi elektrovolti 13.6 hung'oa elektroni kutoka atomi ya hidrojeni. Elektroni inaponaswa tena na ioni, hushuka ngazi za nishati na kutoa mwanga wa urefu wa wimbi maalumu. Ndiyo maana nebula hutoa mistari michache ya rangi, tofauti na nyota inayotoa rangi zote mfululizo. Mistari muhimu ni hii:

- Hidrojeni: nyekundu, nanomita 656.3.
- Oksijeni iliyopoteza elektroni mbili: kijani kinachoelekea buluu, nanomita 495.9 na 500.7.
- Nitrojeni iliyopoteza elektroni moja: nyekundu, nanomita 658.4.
- Heli iliyopoteza elektroni mbili na kunasa moja: buluu, nanomita 468.6.

Mistari hii imepangika kutoka ndani kwenda nje. Karibu na nyota fotoni zenye nguvu ni nyingi, kwa hiyo heli na oksijeni zilizopoteza elektroni mbili hukaa ndani. Pembezoni, ambako mionzi imeshapungua nguvu, hutawala nitrojeni na hidrojeni. Rangi ya nebula kwa hiyo ni ramani ya nguvu ya mionzi.

Swali la 5. William Huggins na Ira Bowen walichangia nini? (Alama 4)

Jibu: Tarehe 29 Agosti 1864 Huggins alielekeza spektroskopu yake kwenye nebula NGC 6543, inayojulikana kama Jicho la Paka. Badala ya spektra mfululizo ya nyota nyingi zilizorundikana, aliona mistari michache tu. Hapo ikathibitika kwamba nebula hiyo ni gesi.

Mistari yake ya kijani haikulingana na elementi yoyote iliyojulikana, na kwa miaka mingi ikadhaniwa kuwa ni ya elementi mpya iliyopewa jina nebuliamu. Mwaka 1927 Bowen alionyesha kwamba ni oksijeni. Kwenye gesi ya kawaida ioni hizo hugongana na nyingine na kupoteza nishati kabla hazijatoa mwanga huo. Ndani ya nebula gesi ni adimu, mara nyingi chembe 100 hadi 10,000 tu kwa sentimita moja ya ujazo, hivyo ioni hupata muda wa kutosha wa kutoa mwanga.

SEHEMU B: MUUNDO WA NDANI

Swali la 6. Taja sehemu kuu za nebula ya kisayari kuanzia katikati. (Alama 6)

Jibu:

- Nyota ya kati: kiini kilichobaki, chenye uso wa kelvini 30,000 hadi zaidi ya 100,000.
- Uwazi wa ndani: umejaa gesi adimu sana yenye joto la mamilioni ya nyuzi, itoayo eksirei. Darubini ya Chandra imeiona ndani ya Jicho la Paka.
- Ukingo angavu: gesi iliyokazwa na kurundikana mbele ya upepo wa kasi.
- Ganda la nje: gesi ya upepo wa polepole iliyowashwa na mionzi, hafifu kuliko ukingo.
- Halo: gesi ya zamani zaidi iliyotoka nyota ingali jitu jekundu.
- Miundo midogo: vifundo, nyuzi, mashikio na michirizi ya gesi ya kasi.

Swali la 7. Fafanua nadharia ya pepo zinazogongana. (Alama 5)

Jibu: Nadharia hii ilitolewa mwaka 1978 na Sun Kwok, Christopher Purton na Pim Fitzgerald. Kabla yake ilidhaniwa kwamba nyota hutema nebula kwa mkupuo mmoja. Watafiti hao watatu walisema kuna pepo mbili za nyakati mbili.

Wa kwanza ni upepo mzito wa polepole wa jitu jekundu. Wa pili hutoka kwenye kiini kilichobaki wazi: ni mwepisi, lakini kasi yake hufika kilomita 1,000 kwa sekunde na zaidi. Upepo wa pili huukimbilia wa kwanza na kuugonga. Wimbi la mshtuko hupasha joto gesi ya ndani, nayo kwa mgandamizo wake huisukuma gesi ya mbele hadi ikawa ganda jembamba linalong'aa.

Kumbuka matokeo yake kimaumbo. Ikiwa upepo wa polepole ulitoka sawa pande zote, ganda litakuwa mviringo. Ikiwa ulikuwa mzito zaidi kwenye ikweta ya nyota, upepo wa kasi utazuiwa ikweta na kupenya kwenye ncha mbili, na nebula itarefuka.

Swali la 8. Kwa nini ganda lililo tupu ndani huonekana kama pete? (Alama 3)

Jibu: Gesi ya nebula hupitisha mwanga, kwa hiyo mwangaza tunaouona unategemea unene wa gesi kwenye mstari wa macho yetu. Mstari unaopita katikati hukata ganda mara mbili tu, upande wa mbele na wa nyuma. Mstari unaopita pembeni husafiri ndani ya ganda lenyewe kwa urefu mkubwa zaidi na kukusanya mwanga mwingi. Ukingo hung'aa, katikati hufifia. Kwa hiyo duara linalong'aa kingoni halitoshi kuthibitisha kwamba tunatazama pete ya kweli.

Swali la 9. Vifundo vya Nebula ya Helix vikoje? (Alama 4)

Jibu: Helix, au NGC 7293, iko kundinyota la Ndoo, umbali wa takriban miaka 650 ya nuru. Ni miongoni mwa zilizo karibu zaidi nasi, na ndiyo sababu undani wake unaonekana vizuri. Picha za darubini ya Hubble zilizotolewa mwaka 1996 zilionyesha maelfu ya vifundo kwenye ukingo wa ndani wa nebula. Kila kifundo kina kichwa kizito cha gesi na vumbi na mkia mrefu, kama nyota yenye mkia, ila kichwa peke yake kinazidi upana wa mfumo wetu wa sayari. Mikia hufika urefu wa mara 1,000 hivi ya umbali kati ya Dunia na Jua.

Jambo la kuandika kwenye mtihani ni mwelekeo: mikia yote inaelekea mbali na nyota ya kati. Upande wa kichwa unaotazama nyota huwashwa na mionzi na gesi yake huvukizwa. Nyuma ya kichwa kuna kivuli ambako gesi husalimika. Vifundo vyenyewe huanza pale ganda linapopoteza uthabiti na kukatika vipande.

Swali la 10. Miduara hafifu ya kwenye halo inatuambia nini? (Alama 4)

Jibu: Inatuambia kwamba jitu jekundu halikutoa gesi kwa kiwango kimoja wakati wote. Jicho la Paka limezungukwa na miduara isiyopungua 11, iliyotoka kila baada ya miaka 1,500 hivi. Katika Nebula ya Pete, darubini ya James Webb ilionyesha mwaka 2023 tao 10 hafifu nje ya pete, moja kwa takriban kila miaka 280. Hakuna mpwito wa nyota unaojulikana wenye kipindi cha namna hiyo, kwa hiyo watafiti walipendekeza nyota mwenza inayozunguka mbali, yapata umbali wa Pluto kutoka Jua. Kila inapokaribia hubadili mtiririko wa gesi na kuacha alama. Pete hiyo hiyo ina vifundo vizito vipatavyo 20,000.

SEHEMU C: MAUMBO NA SABABU ZAKE

Swali la 11. Ainisha nebula za kisayari kwa maumbo, ukitoa mfano wa kila aina. (Alama 8)

Jibu: Mwaka 1918 Heber Curtis wa Lick Observatory, Marekani, alichapisha maelezo ya nebula 78 kwa kutumia picha na michoro. Mwaka 1987 Bruce Balick alizipanga katika makundi matatu makuu: mviringo, duaradufu na kipepeo. Leo tunaongeza mengine:

- Mviringo. Mfano: Abell 39, ganda lililo karibu kuwa tufe kamili. Hata hivyo, nyota yake haiko katikati kabisa.
- Duaradufu. Mfano: M57 jinsi inavyoonekana kwetu, na NGC 3132.
- Kipepeo, yaani yenye mabawa mawili na kiuno chembamba. Mfano: NGC 6302 na M2-9.
- Yenye mabawa mengi. Mabawa hutoka jozi kwa jozi katika pande tofauti.
- Yenye ulinganifu wa nukta. Kila kilichopo upande mmoja kina mwenzake upande wa pili wa nyota, kwa umbali ule ule. Hutokea michirizi ya gesi inapobadili mwelekeo kadiri mhimili unavyoyumba.
- Isiyo na mpangilio. Mara nyingi ni nebula kuukuu iliyokwisha kuvurugwa.

Angalizo: zilizo karibu na mviringo ni takriban moja kati ya tano tu. Nyota yenyewe ni tufe. Kwa hiyo swali kubwa la mada hii ni kwa nini nyingi hazikubaki mviringo.

Swali la 12. Onyesha jinsi upande wa kutazama unavyobadili umbo. (Alama 5)

Jibu: Chukua kinu cha kutwangia. Ukikitazama kutoka juu unaona pete. Ukikitazama kutoka ubavuni unaona umbo lenye kiuno. Kinu ni kile kile. Nebula nayo ni hivyo, na sisi hatuwezi kwenda kusimama ubavuni mwake.

M57 ni mfano mzuri. Vipimo vya Hubble vilivyotolewa mwaka 2013 vilionyesha kwamba pete tunayoiona ni ukanda mzito unaozunguka kiuno cha nebula. Katikati hapako wazi: pamejaa gesi ya buluu ya umbo la mpira wa raga, iliyorefuka kuelekea kwetu na kwa upande wa nyuma. Tunaitazama karibu sambamba na mhimili wake. Helix nayo ilidhaniwa kuwa pete rahisi, lakini uchunguzi uliochapishwa mwaka 2004 ulionyesha diski mbili zinazokaribia kukatana kwa pembe mraba. Kwa upande mwingine, M27 iliyogunduliwa na Charles Messier mwaka 1764 tunaiona kutoka ubavuni, na kiuno chake kinaonekana wazi.

Swali la 13. Wanaastronomia hupataje umbo halisi bila kubadili mahali pa kutazamia? (Alama 3)

Jibu: Hutumia athari ya Doppler. Gesi ya mbele inatujia, na mistari yake husogea kidogo upande wa buluu. Ya nyuma inatukimbia, na mistari yake husogea upande wa nyekundu. Spektra ikichukuliwa nukta kwa nukta juu ya nebula nzima, kasi hizo hutoa kipimo cha tatu ambacho picha haina.

Swali la 14. Nyota mwenza huipaje nebula umbo la kipepeo? (Alama 6)

Jibu: Jitu jekundu huzunguka taratibu mno kwenye mhimili wake, na kwa nguvu zake peke yake haliwezi kuilimbikiza gesi kwenye ikweta. Mwenza anaweza, kwa njia mbili.

Akiwa mbali kiasi, mvutano wake huukunja upepo wa jitu na kuuvutia kwenye bapa la mzunguko. Mwaka 2012 darubini za ALMA nchini Chile zilionyesha gesi iliyojipinda kama parafujo kuzunguka nyota R Sculptoris, dalili ya mwenza aliyefichika. Mwaka 2020 kundi la Leen Decin lilichapisha uchunguzi wa pepo za majitu mekundu kadhaa, na hakuna uliokuwa tufe laini.

Akiwa karibu, jitu linapopanuka humfunika mwenza, na nyota mbili huzunguka ndani ya bahasha moja ya gesi. Wazo hili lilielezwa na Bohdan Paczyński mwaka 1976. Msuguano huzisogeza nyota zikaribiane, nishati ya mzunguko huhamia kwenye gesi, na bahasha hutupwa nje, nzito zaidi kwenye bapa la mzunguko. Baadaye upepo wa kasi hukuta kizuizi ikweta na njia wazi kwenye ncha.

Ushahidi upo. Nebula ya Mkufu, iliyogunduliwa mwaka 2005, ina katikati yake nyota mbili zinazozungukana kwa siku 1.16 tu, na ukanda wake wa vifundo ndio bapa la mzunguko. Ndani ya Abell 63 kuna nyota mbili zinazopatwa kila baada ya saa 11 hivi. Umbali mfupi namna hiyo ungemezwa na jitu jekundu. Nyota hizo zimekaribiana baada ya kupita ndani ya bahasha.

Swali la 15. Eleza NGC 6302 kama mfano wa nebula ya kipepeo. (Alama 4)

Jibu: NGC 6302 iko kundinyota la Nge. Mabawa yake mawili yametandaa kwa zaidi ya miaka 2 ya nuru, na yanakutana kwenye kiuno chenye mkanda mnene wa vumbi. Nyota yake ya kati ni miongoni mwa zenye joto kali zaidi zinazojulikana, zaidi ya kelvini 200,000. Mkanda huo uliificha kiasi kwamba iliweza kutambuliwa tu baada ya Hubble kupewa kamera mpya mwaka 2009. Jibu kamili liunganishe mambo haya: mkanda uliobana kiuno ndio ulioelekeza gesi kwenye mabawa.

Swali la 16. James Webb iliongeza nini kuhusu NGC 3132? (Alama 4)

Jibu: NGC 3132, iliyo kundinyota la Vela, ilikuwa katika picha za kwanza za darubini hiyo zilizotolewa tarehe 12 Julai 2022. Nyota mbili zinaonekana katikati. Ile angavu siyo iliyotoa nebula. Iliyoitoa ni ile hafifu, na Webb ilionyesha kuwa imezungukwa na vumbi. Mwezi Desemba 2022 Orsola De Marco na wenzake walichapisha hesabu kwamba nyota iliyokufa ilikuwa na masi karibu mara 3 ya Jua, na kwamba nyota zisizopungua 4 zilishiriki kuifinyanga nebula. Tao, matobo na mihimili isiyolingana ya wingu hilo haviwezi kuelezwa kwa nyota moja.

Swali la 17. Taja sababu nyingine zinazobadili umbo. (Alama 3)

Jibu: Kwanza, michirizi ya kasi inayotoka kwenye diski ya gesi kuzunguka mwenza, hutoboa ganda na kuacha mashikio kama yale ya NGC 7009, Nebula ya Zohali. Pili, uga wa sumaku, ambao unaweza kuongoza gesi lakini kwa kawaida huhitaji mwenza wa kuuendesha. Tatu, mwendo wa nyota angani: nebula kuukuu husuguana na gesi iliyo kati ya nyota, ukingo wa mbele ukabonyea na kung'aa, wa nyuma ukatawanyika.

SEHEMU D: HESABU

Swali la 18. Nebula ina nusu kipenyo cha mwaka 0.5 wa nuru na inapanuka kwa kilomita 25 kwa sekunde. Kadiria umri wake. (Alama 4)

Jibu:
Mwaka 1 wa nuru = 9.46 × 10¹² km
Nusu kipenyo = 0.5 × 9.46 × 10¹² = 4.73 × 10¹² km
Muda = 4.73 × 10¹² ÷ 25 = 1.89 × 10¹¹ s
Mwaka 1 = 3.16 × 10⁷ s
Umri = 1.89 × 10¹¹ ÷ 3.16 × 10⁷ ≈ miaka 6,000

Andika pia dhana iliyotumika: tumechukulia kasi haikubadilika. Bila sentensi hiyo jibu halijakamilika.

Swali la 19. Nebula iliyo umbali wa miaka 2,500 ya nuru ina kipenyo cha sekunde 75 za tao. Tafuta kipenyo halisi. (Alama 3)

Jibu:
Kipenyo = 75 ÷ 206,265 × 2,500 ≈ mwaka 0.91 wa nuru

Tarakimu hizi zinakaribiana na za M57. Angalia ukubwa wake: nyota moja imetandaza gesi kwa karibu mwaka mzima wa nuru.

Swali la 20. Gesi inatujia kwa kilomita 25 kwa sekunde. Mstari wa nanomita 500.7 utasogea kiasi gani? (Alama 3)

Jibu:
Badiliko = 500.7 × 25 ÷ 300,000 ≈ nanomita 0.042, kuelekea buluu

Gesi ya upande wa nyuma itasogea kiasi hicho hicho kuelekea nyekundu. Nafasi kati ya mistari hiyo miwili ndiyo inayotoa kasi ya kupanuka.

SEHEMU E: MASWALI MCHANGANYIKO

Swali la 21. Kweli au si kweli? Toa sababu. (Alama 4)

a) Nebula ya kisayari ni mabaki ya mlipuko. *Si kweli.* Gesi yake hutoka kama upepo kwa maelfu ya miaka.

b) Nebula yenye umbo la pete imetokana na nyota iliyotoa pete. *Si lazima.* Inaweza kuwa ganda, pipa au kipepeo kinachotazamwa kwenye mhimili.

c) Nyota angavu zaidi iliyo katikati ndiyo iliyotoa gesi. *Si lazima.* Rejea NGC 3132.

d) Nebula za kisayari huurudishia ulimwengu malighafi. *Kweli.* Hutawanya heli, kaboni na nitrojeni, ambazo huingia kwenye nyota na sayari za baadaye.

Swali la 22. Je, Jua letu litatengeneza nebula ya namna gani? (Alama 4)

Jibu: Jua litakuwa jitu jekundu baada ya takriban miaka bilioni 5. Hesabu zilizochapishwa mwaka 2018 na Krzysztof Gesicki, Albert Zijlstra na Marcelo Miller Bertolami zinaliweka karibu kabisa na kikomo cha chini: litatoa nebula, lakini hafifu. Kwa kuwa Jua halina nyota mwenza, tutarajie umbo lisilo mbali na mviringo au duaradufu.

Swali la 23. Ni nebula zipi za kujifunzia kwa mtu aliye karibu na ikweta? (Alama 3)

Jibu: Afrika Mashariki ina bahati ya kuona anga la kaskazini na la kusini. Kwa mtu aliye Nairobi, M57 hufika nyuzi 56 hivi juu ya upeo wa kaskazini, na mwishoni mwa Agosti hufika huko saa tatu usiku. NGC 3132 hufika nyuzi 51 hivi juu ya upeo wa kusini, saa hiyo hiyo, katikati ya Aprili. Darubini ndogo inatosha kuionyesha M57 kama kiduara cha kijivu. Usitarajie rangi za Hubble: mwanga ni hafifu mno kwa jicho kuzitambua.

Swali la 24. "Umbo la nebula ya kisayari ni historia ya nyota yake." Jadili. (Alama 10)

Jibu, kwa muhtasari wa hoja:

- Halo na miduara yake huhifadhi siku za jitu jekundu, na nafasi kati ya miduara hutoa vipindi vya mabadiliko.
- Ukingo angavu huonyesha mahali upepo wa kasi ulipoukuta wa polepole.
- Kiuno na mabawa hushuhudia gesi iliyolimbikizwa ikweta, mara nyingi na mwenza.
- Mashikio na ulinganifu wa nukta huonyesha michirizi iliyoyumba.
- Mpangilio wa rangi hutoa jotoridi la kiini.
- Mipaka ya hoja: upande wa kutazama huficha umbo halisi, na nebula zilizozeeka huvurugwa na gesi ya nje. Kwa hiyo picha isomwe pamoja na spektra.
- Hitimisho: kauli ni sahihi, kwa sharti kwamba umbo linaloonekana halijachukuliwa kuwa umbo halisi.

Neno la mwisho kwa mtahiniwa

Usiku wa kuamkia mtihani usijaribu kukariri nebula zote. Zinazojulikana katika galaksi yetu peke yake zinazidi 3,000. Chukua nne tu, Abell 39, M57, NGC 6302 na NGC 3132, na uandike kwa kila moja majibu ya maswali matatu ya mwanzo: gesi ilitokaje, ilisukumwa na nini, na tunaitazama kutoka wapi. Ukiweza kufanya hivyo bila kufungua madondoo haya, umeiva.